Kumwombea Bakari Radhi Ng'ambo ya Mgongo wa Mlima

Mama alikuwa hali chakula. Tangu tumzike kaka yangu Bakari mpaka arubaini yake ikapita, sahani ilikuwa ikitoka jikoni na kurudi jikoni vile vile. Mke wangu Mwanasha akaniambia, "Hamisi, kaa na mamako. Kuna neno." Nikakaa naye. Neno lenyewe lilikuwa moja tu: Wakio hakuwepo.

Nieleze kwa wasioijua habari hii. Kwetu Shika Adabu, huku Likoni, kabla jeneza halijainuliwa, mtu husimama akaomba radhi kwa niaba ya marehemu, kwamba yeyote aliyekosewa naye amsamehe. Watu huitika kuwa wamemsamehe, na marehemu huenda akiwa mwepesi. Siku ya Bakari waliitika wote. Lakini mtu ambaye Bakari alimkosea kuliko wote alikuwa mbali, na hata habari ya kifo hakuwa nayo.

Wakio ni Mtaita. Alikuwa mke wa Bakari, na kazi yake ilikuwa kufua mashuka katika hoteli moja kule Shanzu. Walijaliwa mtoto wa kike, Riziki. Mtoto alipofika miezi saba akashikwa na homa asubuhi, mamake yuko kazini, na kabla ya alasiri akafariki. Siku ya tatu ya matanga Bakari alisimama mbele ya watu akamwambia Wakio, "Wewe ndiwe uliyemuua." Hata wiki mbili hazikutimia akampa talaka. Sitaki kumwonea ndugu yangu, maana hawezi tena kujitetea. Siku zile alikuwa hajijui, huzuni ilimlevya. Lakini alisema, na mimi nilikuwepo nikanyamaza. Yapata miaka kumi na sita sasa.

Nilimwambia mama nitatafuta namba ya simu ya Wakio.

"Radhi haiombwi kwa simu," akanijibu. "Bakari alimvunjia heshima mbele za watu. Nenda ukamwombee mbele za watu. Hilo lingine si radhi, ni salamu."

Niliona maneno yake yana haki ndani yake. Hata leo nayaona hivyo, na ndiyo sababu sijui pa kujilaumu na pa kutojilaumu. Naandika safari hii kwa kuwa mtaani yamezuka maneno. Wengine wanasema Wakio alikataa, wengine wanasema alitoa radhi. Hakuna aliyepatia. Kama kuna mahali nimekosea, ni kwa uchache wa kisomo changu, si kwa kutaka kuficha.

Siku ya kwanza, Ijumaa. Niliswali sala ya Ijumaa msikitini, nikafunga banda langu la kushonea viti vya magari pale Changamwe, nikashika njia ya Voi. Sina la kusimulia juu ya njia hiyo, nililala karibu yote. Jua lilikuwa linazama nilipofika Wundanyi, na nilipokanyaga chini tu nilijua kuwa nimevaa vibaya. Baridi ile ilikuwa kama ya kuingia ndani ya friji ya bucha. Mimi nina shati la mikono mifupi na makubadhi.

Mwenye hoteli nilikolala, mwanamke mpole, alimjua Wakio. Ameolewa tena, akasema, yuko kijiji cha upande wa pili wa mlima. Lakini mvua zimeangusha udongo, barabara imezibwa, na hakuna gari linalofika.

"Kuna njia ya miguu," akasema. "Inapita juu kwenye mgongo wa mlima. Kesho Mama Shali anakwenda kwa dadake, mfuate." Akanitazama miguuni. "Lakini si na hivyo viatu."

Mlima wenyewe una jina la Kitaita. Nililisikia mara nyingi, ila naogopa kuliandika vibaya, kwa hiyo nitauita mlima tu.

Siku ya pili, saa kumi na mbili asubuhi. Mama Shali alinijia mlangoni. Ni mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, kikapu cha samaki wakavu mgongoni kimefungwa kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Mkononi alikuwa na gambuti.

"Wewe ndiye Mombasa?"

"Shikamoo mama. Mimi ndiye."

"Marahaba. Vaa hizi, zilikuwa za mume wangu. Usizitumbukize bondeni, bado nampenda."

Zilinizidi vidole viwili. Nikajaza vitambaa kwa mbele, tukaanza.

Saa moja ya kwanza tulipanda katikati ya mashamba ya kabichi yaliyokatwa ngazi ngazi ubavuni mwa mlima. Ukungu ulikuwa mzito, mbele yangu naona kikapu tu. Mtu wa Likoni hajui kupanda. Kwetu kilima kirefu nilichozoea ni kile cha kushukia feri, na hicho nikikipanda na mzigo nalalamika. Hapa nilianza kuhema kabla hata mashamba hayajaisha.

"Mombasa, pumua kwa pua!" Mama Shali alisema bila kugeuka. "Mdomo ni wa kulia chakula."

"Pua moja haitoshi, mama."

"Basi azima ya samaki, hawaitumii."

Nilicheka, nikajuta kucheka, maana pumzi yote ilikwenda.

Kama saa mbili na nusu tuliingia msituni. Miti imevaa kuvu ya kijani mpaka kwenye vitawi, maji yanadondoka ingawa mvua hainyeshi. Hakuna ndege aliyelia. Njia ilikuwa mizizi na matope, na kila hatua gambuti inabaki nyuma kidogo kabla ya kunifuata. Hapo Mama Shali akaniuliza mimi ni nani kwa Wakio.

"Ni mjumbe tu," nikamwambia.

"Wajumbe wa heri huja wakati barabara iko wazi," akasema. Hakuuliza tena.

Nilitaka kumweleza. Kisha nikafikiri kuwa ujumbe ni wa Wakio, hauwezi kufunguliwa njiani. Mnaona ajabu hiyo? Njiani niliulinda kama amana, nilipofika nikaumwaga.

Saa tatu na nusu msitu ulikwisha ghafla, tukatokea kwenye mwamba. Huu ndio mgongo wenyewe. Nimetafuta namna ya kuueleza, na kwa vile mimi ni fundi wa viti nitasema hivi: ni kama ule mshono wa juu wa kiti, pale ngozi mbili zinapokutana na kusimama. Upande wa kushoto unateremka, na wa kulia unateremka, na wewe unatembea juu ya mshono. Upepo ulitoka kulia ukituletea ukungu, unatupita, unamwagikia kushoto kama maziwa yaliyofurika sufuriani. Mara ukungu ukapasuka nikaona paa la bati chini kabisa, dogo kama kiberiti. Sikutazama tena.

Tulikwenda hivyo karibu saa nzima, tukipanda na kushuka mawe. Pahali pengine palikuwa na upana wa chumba, pengine wa mlango. Kisha tukafika pahali pembamba kuliko pote. Ni hatua kama ishirini, na upana wake ni wa benchi. Jiwe lilikuwa limelowa.

Mama Shali alipita na kikapu chake, wima, kama anayekwenda kisimani. Alipofika ng'ambo akageuka.

"Njoo."

Nikapiga magoti. Nikatambaa. Sioni haya kuandika, nilitambaa kama mtoto, gambuti moja nimeishika mkononi kwa kuwa ilikuwa inanivuka.

"Simama kama mtu, Mombasa!"

"Nisimamie nini, mama? Hapa hapana kitu!"

Alicheka mpaka akashika kikapu. Katikati pale nilisoma Ayatul Kursi, nikakosea, nikaanza upya. Niliwaza kuwa nikianguka hapa, mama atakuwa na wawili wa kuombewa radhi. Nilipofika ng'ambo, mikono ilikuwa imechubuka. Mama Shali alinifuta matope kwa leso yake, na nikaona kumbe mzaha wake ulikuwa wa kunishikilia.

Saa sita mchana tulishuka kijijini. Nyumba ya Wakio ni ya matofali, ya pili kutoka njiani. Uwanjani walikuwa watu tisa au kumi, waume kwa wake, miguu yao matope hadi magotini. Walikuwa wametoka kuzoa udongo uliofunga barabara, na siku hiyo zamu ya kuwalisha ilikuwa ya nyumba ile. Nilipowaona nilishukuru Mungu moyoni. Nilisema, mashahidi hawa hapa, Mola amenirahisishia.

Wakio alikuwa anapakua maharage yaliyopondwa na muhogo. Ameongezeka mwili, nywele zina mvi mbele. Aliniona, upawa ukasimama hewani.

"Hamisi?"

"Ndiye mimi, shemeji."

Mwanamume mrefu aliyekuwa ananawa miguu karibu na tangi alinyanyua kichwa. Huyo ndiye mumewe, Mwadime.

Wakio alikuja upesi akanishika mkono. "Bakari?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ametangulia."

Akafumba macho kidogo. Kisha akasema, "Njoo jikoni ule kwanza. Tutazungumza huko."

Alinivuta kidogo kuelekea mlango wa jikoni. Nataka hili lijulikane: alinivuta. Alinipa njia. Na mimi nikavuta mkono wangu, nikasema kwa sauti ya kusikika, "La, shemeji. Jambo hili nimeagizwa nilifanye mbele za watu."

Nikasimama katikati ya uwanja. Nikatoa salamu. Nikasema kuwa mimi ni ndugu wa marehemu Bakari, aliyekuwa mume wa Wakio, baba wa marehemu mtoto wao Riziki. Kwamba Bakari alimsingizia Wakio mbele ya kadamnasi kuwa ndiye aliyemuua mtoto yule, na haikuwa kweli, mtoto alichukuliwa na homa. Kwamba nimekuja kumwombea radhi, na hawa waliopo wawe mashahidi. Nilijitahidi kusema vizuri. Niliona hata nimesema vizuri.

Nilipomaliza, hakuna aliyeitika.

"Mtoto gani?" akauliza Mwadime.

Alijua kuwa mkewe aliwahi kuolewa Mombasa. Mtoto hakumjua. Katika miaka yao yote hakuwahi kumsikia.

Wakio aliweka upawa ndani ya sufuria, taratibu. "Alikuwa na miezi saba," akamwambia mumewe. Kisha akaendelea kwa Kitaita, maneno machache, na Mwadime akabaki ameshika kata ya maji, maji yanatiririka chini. Watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Mwingine alisema anakwenda kufunga mbuzi, mwingine akasema mvua inakuja. Mwanamke mmoja mzee alipita karibu na Wakio akamgusa bega. Mwingine alipita akimtazama, na mtazamo ule sikuupenda, ila siwezi kuapa ulikuwa na maana gani.

Mama Shali alinisogelea sikioni. "Mombasa, wewe ni mjinga au ni mbaya?"

Nikamwambia sijui. Na wallahi sikujua.

Aliondoka kwenda kwa dadake, akalala huko kama alivyopanga. Mimi nilipewa sahani. Nililishwa, baada ya yale yote. Nilikula kwa kuwa kuiacha kungekuwa tusi la pili.

Saa nane Wakio alikuja akasimama mbele yangu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Shemeji, mimi nilidhani..."

"Kaburi lake liko wapi?"

"La Bakari?"

"La Riziki."

"Makaburini kwetu, pale pale."

"Makaburi nayajua yalipo, Hamisi. Siku ile mliondoka naye nikabaki ndani na wanawake. Kisha nikapewa talaka. Hakuna aliyenionyesha. Nakuuliza, liko wapi?"

Nikatafuta kichwani. Niliona kitambaa cheupe, mzigo mwepesi mikononi, mwarobaini mahali fulani. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu.

"Ulimbeba wewe," akasema.

"Nilimbeba."

"Basi nenda ukalitafute. Ukilipata nipigie simu, ndipo nikwambie ya Bakari. Sitaki kutamka neno hapa ili wewe upate kwenda. Maiti haombewi kwa neno la kumwondoa mgeni mlangoni."

Akachana kipande cha pakiti ya unga, akaniandikia namba yake.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa. Nilikuwa nafikiri namna ya kurudi peke yangu, Mwadime akatoka ndani, koti mwilini na panga mkononi.

"Twende," akasema.

Sasa nitaandika jambo la aibu. Niliogopa. Tangu tulipoanza kupanda nilikuwa nahesabu hatua zake nyuma yangu, kwa kuwa alinitanguliza mbele. Panga lilikuwa la kukatia matawi yaliyoangukia njia, na kazi hiyo ndiyo aliyoifanya nalo, lakini kila lilipogonga mti moyo wangu uliruka. Mwishowe tukatokea kwenye mwamba. Hapakuonekana kushoto wala kulia, weupe mtupu, na upepo unaunguruma chini yetu.

Tulipofika pale pembamba akapita mbele. Akaweka panga chini. Akageuka, akanishika kifundo cha mkono.

Nilifikiri, basi. Mtu huyu nimemwaibisha mbele ya majirani zake, nimemwingizia maiti nyumbani, na hapa hakuna shahidi hata mmoja.

"Usitambae," akasema. "Jiwe limelowa, magoti yanateleza. Simama, weka mguu nilipoutoa mimi."

Akarudi kinyumenyume, hatua ishirini zile zote, akinitazama miguu, mkono wangu hakuuachia. Nilikanyaga alipotoa mguu, na tulipofika pahali papana niliketi chini. Naye akaketi.

"Aliitwa nani?" akauliza.

"Riziki."

"Kuna siku, mvua za masika zikianza, huwa hataki kuzungumza na mtu. Kila mwaka. Nilikuwa nadhani nimemuudhi. Mwaka mmoja nilimnunulia kanga."

"Ungengoja watu waondoke," akasema.

"Kwetu huwa tunafanya mbele ya..."

"Kule si kwenu."

Alisema bila ukali. Akainuka, akarudi kuchukua panga lake, akivuka pale pembamba kwenda na kuja tena kwa ajili ya panga. Alinisindikiza mpaka mwanzo wa mashamba ya kabichi. Nilimwomba radhi yangu mwenyewe. Akasema, "Shuka, giza litakukuta." Sikujua hilo nilichukulie kuwa nini.

Siku ya tatu, Jumapili. Nilirejesha gambuti kwa mwenye hoteli ili ampe Mama Shali, nikateremka Voi, nikafika Likoni kabla ya magharibi. Joto lilinipokea feri, na kwa mara ya kwanza sikulifurahia. Nilimweleza mama kila kitu, na sehemu zangu mbaya pia.

"Si umwambie lolote?" mama akasema. "Mwonyeshe kaburi dogo lolote. Yeye atajua vipi?"

Simlaumu mama. Anamwogopea mwanawe aliye kaburini.

Jumatatu sikufungua banda. Nilikwenda makaburini. Mwarobaini umekatwa siku nyingi, kisiki nilikipata kwenye majani. Tuliokwenda kumzika siku ile tulikuwa wanne. Bakari hayupo, mwingine ametangulia, na aliyebaki nilimfuata Kisauni anakoishi sasa. Yeye asema upande wa ukuta. Mimi nikifumba macho naona upande wa njia. Baina ya kisiki, ukuta na njia kuna makaburi madogo manne, hayana jina. Sikuwa na uwezo wa kukata shauri. Nilijifunza katika safari hii kuwa unaweza kumbeba mtu kwa mikono yako miwili na usijue ulipomweka, na kwamba jambo la haki likifanywa pasipo pake huwaumiza wale wale lilioletwa kwa ajili yao. Pengine wengine mnayajua haya bila kupanda mlima.

Nikampigia pale pale, nimesimama kwenye kisiki. Nilimwambia kweli: sikulipata. Najua ni moja katika manne.

Nikasikia kuku kwa mbali, na mwanamume akiuliza kitu.

"Manne?" Wakio akasema.

"Manne."

"Yote madogo?"

"Yote."

"Basi yafyekee yote," akasema, na simu ikakatika. Bakari hakumtaja.

Mama anasema hiyo ndiyo radhi yenyewe, na amewaambia wenzake hivyo. Mwanasha anasema hiyo ni kazi tu niliyopewa. Mimi nimeandika alivyosema. Niliazima fyekeo kwa jirani, nikaanza na lile la upande wa ukuta.